Boti Ipo, Petroli Hakuna

Novemba 2025, huko Belém nchini Brazil, mkutano wa tabianchi wa COP30 ulizindua mpango wa kuziandaa huduma za afya zihimili joto, mafuriko na ukame, na taasisi za hisani zaidi ya 35 zikaahidi dola milioni 300. Tangu hapo kila anayezungumzia afya huku pwani ana orodha yake mfukoni: paneli za sola kwa zahanati, friji mpya za chanjo, boti ya wagonjwa, matangi ya maji, wodi iliyojengwa juu ya msingi mrefu. Si orodha mbaya. Nisichokubaliana nacho ni imani iliyojificha nyuma yake, kwamba zahanati ya Lamu hushindwa na hali ya hewa kwa kuwa haina vitu. Mara nyingi vitu vipo. Kinachokosekana ni fedha ndogo ndogo za kila wiki za kuvitumia: petroli, fundi, posho, katoni za dawa za akiba. Kwa namna fedha za tabianchi zinavyotolewa hivi sasa, tutaongezewa vitu na pengo hilo litazidi kupanuka, maana kila kitu kipya huja na mahitaji yake.

Kwa asiyeijua, kaunti hii ya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, ni nusu nchi kavu nusu maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920, waliotawanyika kutoka Witu na Mpeketoni hadi Kiunga karibu na mpaka wa Somalia, na katika visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Mgonjwa wa Kizingitini au Siyu aliyeshindikana katika hospitali ya Faza huvushwa kwa boti hadi mjini Amu, ndio mji wa Lamu, na akizidiwa huvushwa tena hadi Mokowe ashike barabara ya Malindi au Mombasa. Safari hiyo hupangwa na upepo na kujaa na kupwa kwa maji kabla haijapangwa na daktari. Mwaka juzi, kusi, ule upepo wa katikati ya mwaka unaochafua bahari, limepamba moto, mpwa wangu alishikwa na uchungu usiku katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Muuguzi wa zahanati alijua kazi yake, akasema mapema kwamba huyu lazima avushwe. Boti ya wagonjwa ilikuwa gatini, injini nzima, taa zinawaka. Petroli haikuwapo, kwa kuwa fungu la robo ile lilikuwa halijafika. Tukachangishana, tukamwamsha nahodha, tukalipa bei ya usiku na bei ya kusi, na mtoto akazaliwa salama ng'ambo ya pili. Katika ripoti yoyote ya mwaka boti ile itahesabiwa kuwa ipo. Gharama ya safari yetu haimo katika kitabu cha serikali yoyote. Imo katika deni la dukani la shemeji yangu.

Wachumi wa afya wangeanzia hapo, kwenye deni la dukani. Gharama ya hali mbaya ya hewa haipotei kwa kutoandikwa. Huhama tu, ikatoka kwenye bajeti ya umma ikaingia jikoni kwa mtu, na huhama zaidi pale bahari inapochafuka na mvuvi hana kipato. Kwa hiyo nikisikia kwamba kituo fulani ni stahimilivu, huuliza kwanza: kukiharibika, nani analipa, na analipa kwa fedha gani?

Sheria zetu wenyewe zinatusukuma upande wa kununua. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti, kwa wastani wa miaka kadhaa, itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Nia inaeleweka: walioziandika waliogopa serikali zitakazokula mgao wote kwa mishahara na safari zisijenge hata daraja. Lakini afya si daraja. Zahanati ni watu kwanza, kisha dawa, kisha usafiri, na jengo ni la mwisho. Kiuhasibu, jengo jipya la zahanati ni maendeleo, na muuguzi atakayekaa ndani yake ni mzigo. Kubadilisha mashine nzima ni maendeleo; kumlipa fundi aitengeneze ya zamani ni ulaji. Mfadhili naye akija na fedha za tabianchi ana masharti yanayofanana na hayo, maana naye anataka kitu kinachopigika picha. Waswahili walishasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, ila hesabu zetu za umma zimepangwa na mtu anayeamini kinyume chake.

Ushahidi mzito zaidi tulio nao ni wa hapa hapa mjini Amu, nami hushangaa unavyotajwa kwa nadra. Mwaka 2004 ulikuwa wa ukame. Katikati ya mwaka mji ukaingiwa na homa iliyowakunja watu viungo hata kijana akatembea kama babu yake. Ilikuwa chikungunya, ugonjwa ambao hata jina lake ni la Afrika Mashariki, neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, tangu ulipotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watafiti walipopima damu za wakaazi waliochaguliwa bila upendeleo walikuta asilimia 75 wameambukizwa, yaani makadirio ya watu 13,500 kati ya 18,000 hivi waliokuwa kisiwani. Mwishoni mwa mwaka ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Mwaka uliofuata ukaingia Komoro. Kisha Réunion, ambako zaidi ya thuluthi moja ya wakaazi waliugua, na mwaka 2006 ukalipuka India. Sehemu kubwa ya msafara ule wa Bahari ya Hindi, uliogharimu nchi kadhaa mamilioni ya siku za kazi, ilianzia kwenye vichochoro vyetu.

Mvua haikuhusika. Ulichangiwa na uhaba wa mvua. Visima vikipungua kila nyumba huweka maji, katika mapipa, ndoo, mitungi na matangi yasiyofunikwa, na mbu wa Aedes hahitaji zaidi ya hapo. Sasa niambieni ni jengo gani lingeizuia homa ile. Ni paneli gani? Kilichotakiwa ni bwana afya mwenye posho ya kupita nyumba kwa nyumba kabla homa haijashika, vifuniko, dawa ya viluwiluwi, na watu wa kusafisha jabia zetu za kuvunia mvua kabla ya msimu. Wazee walilijua hilo kwa njia yao. Nyumba za kale za Amu zilikuwa na birika, na ndani ya birika vilifugwa visamaki vya kula viluwiluwi. Hakuna aliyekata utepe kuzindua samaki. Kilichohitajika ni mtu wa nyumbani kuchungulia kila siku aone kama wangali hai.

Leo kazi ya kuchungulia ni ya wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, ambao Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia mikoba ya vifaa. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Sioni kinga ya tabianchi iliyo rahisi kuliko hiyo katika kaunti yenye ukame, mbu na vijiji vya mbali. Wala sioni nyingine inayocheleweshwa kirahisi hivyo. Malalamiko ya posho yamesikika kaunti baada ya kaunti. Mikoba, angalau, ilipigwa picha siku ya kwanza.

Wapo watakaonipinga, na baadhi yao wana hoja nzito. Iliyo nzito zaidi ni ya sola. Ripoti ya 2023 ya Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na washirika wao ilikadiria kwamba karibu watu bilioni moja katika nchi maskini na zile za kipato cha chini cha kati hutegemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme wa kusuasua, na kwamba ingehitajika dola bilioni 4.9 hivi kurekebisha. Zahanati iliyokuwa ikichoma dizeli ikiwekewa sola, gharama ya kila wiki hushuka. Hapo kununua kitu ni kupunguza matumizi. Nakubali kabisa. Chanjo nyingi zinataka nyuzi 2 hadi 8 muda wote, na mama hapaswi kuzalishwa kwa mwanga wa simu. Zipo hata friji zinazoendeshwa na jua moja kwa moja bila betri, na hizo ndizo ningezinunua mimi, kwa sababu aliyezibuni alikuwa amekiona kinachoharibika kwanza. Ila upepo wa bahari una munyu, na munyu hula nyaya, fremu na maungio kimya kimya. Betri za kawaida huchoka baada ya miaka michache. Na fundi huenda ikabidi atoke Mombasa, kwa nauli, posho na malazi, mambo matatu ambayo hayamo katika mkataba wa msaada. Kwa hiyo tununue, lakini tununue vile vinavyopunguza gharama ya kesho, na kila kimoja kije na fedha za utunzaji za miaka yake yote. Isipowezekana, basi vinunuliwe vichache.

Hoja ya pili ni kwamba bima itaziba pengo. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na ajira rasmi hukadiriwa kwa kipato chake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, ingawa baadaye kumeletwa mpango wa kulipa polepole kwa mkopo. Niache hapo habari ya mvuvi kudaiwa mkupuo wakati wa kusi, hilo linajieleza. Tatizo lililo ndani zaidi ni la kimuundo. Fedha za bima zinapolipwa kwa huduma humfuata mgonjwa, na bahari ikichafuka mgonjwa haji. Njia ikikatika haji. Watu wakihama kwa ukame au mafuriko, mgonjwa yuko kwingine. Kwa hiyo mapato ya zahanati hushuka wiki ile ile ambayo gharama zake zinapanda, kwani muuguzi ndiye anayepaswa sasa kuwafuata wagonjwa majini. Bima ilibuniwa kumkinga mgonjwa na bei ya ugonjwa, na kwa hilo naitetea. Haikubuniwa kukikinga kituo na hali ya hewa. Kituo kinahitaji fedha za msingi zinazofika awe amekuja mgonjwa mmoja au mia.

Fedha hizo za msingi zingetoka kwenye mgao wa kaunti, na hapo tunakutana na kioja kidogo. Kanuni ya tatu ya kugawa mapato ya nchi baina ya kaunti ilitoa asilimia 8 kwa ukubwa wa eneo la ardhi na 8 nyingine kwa barabara. Kwa bahari, sifuri. Njia ya Amu hadi Kiwayu si kilomita ya barabara, na maji baina ya visiwa si ardhi, ingawa petroli ya kuyavuka inauzwa ghali kuliko ya bara. Kanuni ya nne, iliyopitishwa 2025, imeviondoa vigezo vya barabara na afya, ikabakiza idadi ya watu, mgao sawa, umaskini na eneo. Seneti, kwa haki yake, ilizitengea kaunti ndogo, Lamu ikiwamo, fungu la ziada. Tunashukuru. Lakini fungu la ziada ni hisani ya mwaka, na kusi halivumi kwa hisani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba fedha za matumizi zikipelekwa zahanati zitaliwa, ilhali jengo halilambwi. Halilambwi? Nani asiyejua bei ya jengo inavyovimba kabla msingi haujachimbwa? Tena jambo hili Pwani tumeshalijaribu. Mwaka 2004 serikali ilipunguza ada hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na vituo vikabaki bila fedha za mkononi. Mwaka 2005, kwa msaada wa Denmark, Mkoa wa Pwani ukawa wa majaribio: fedha zilipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, na kamati yenye wanakijiji ikapanga na kusimamia matumizi. Tathmini iliyofanywa Kwale na Tana River ilikuta fedha zilifika, na zilitumika kwa mambo yasiyovutia macho: vibarua, usafi, ukarabati, usafiri wa kwenda vijijini. Kasoro zilikuwapo, wanakijiji wengi hawakujua kiasi kilichoingia, na vituo kadhaa viliendelea kutoza zaidi ya ada iliyowekwa. Ni kasoro za ubao wa matangazo na usimamizi, si za wizi wa kutisha. Utaratibu ule ukapelekwa nchi nzima kuanzia 2010, kisha ugatuzi wa 2013 ukaja, na katika kaunti nyingi mapato ya vituo yakaanza kuzama kwenye mfuko mkuu. Ilibidi Bunge litunge sheria ya 2023 ya vituo kubaki na mapato yao ili turudi pale Pwani ilipokuwa miaka kumi na minane kabla.

Ipo hoja nyingine ngumu ambayo siidharau, ya wanaosema visiwani watu ni wachache mno. Shilingi inayomhudumia mgonjwa mmoja Kiwayu ingehudumia kadhaa Mpeketoni, na mtu anayegawa fedha chache kwa uadilifu hawezi kulifumbia macho hilo. Si kila kijiji kitapata wodi ya wazazi, na aahidiye hivyo anatafuta kura. Lakini tukubali basi na kinachofuata. Ukiamua huduma kubwa zikusanywe Faza na Amu, umefanya usafiri kuwa sehemu ya tiba, sawa na damu au oksijeni. Huwezi kuokoa fedha kwa kufunga wodi ya mbali kisha ukaokoa tena kwa kutoijaza boti.

Na atakayetaka kunibana kweli atanikumbusha Januari 2025. Marekani ilipositisha misaada, na USAID kufungwa rasmi Julai mwaka huo, vilivyoanguka kwanza Kenya ni mishahara na huduma za kila siku zilizokuwa zikilipwa na fedha hizo. Majengo yalibaki yamesimama. Je, hilo halionyeshi kwamba mfadhili bora anunue vitu, maana vitu haviondoki naye? Hoja hii imenisumbua kuliko nyingine zote. Jibu nililo nalo si kamili. Naona kosa halikuwa mfadhili kulipia matumizi, bali kuyalipia nje ya bajeti yetu, kwa orodha yake ya mishahara na bila ratiba ya kupungua, hata siku alipoondoka hapakuwa na mstari wowote wa bajeti wa kupokea mzigo. Fedha za tabianchi zingeweza kuingia katika akaunti ya kituo kwa miaka kumi, zikipungua kila mwaka huku sehemu ya kaunti ikipanda, kwa mkataba unaojulikana na kamati ya kijiji. Hata hivyo nakiri kwamba kaunti isiyotaka kupandisha sehemu yake haitashindwa kupata udhuru.

Jambo moja linaweza kuanza bila Belém. Mwaka wetu wa fedha hufungwa 30 Juni na kufunguliwa 1 Julai, na fedha za robo ya kwanza kutoka Hazina Kuu huzoea kuchelewa. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kusi kali. Yaani akaunti hukauka wakati ule ule bahari inapofura, kila mwaka, na wala hakuna haja ya mtabiri. Hata mwishoni mwa 2023, barabara ya Garsen hadi Lamu ilipokatika kwa mafuriko pale Lango la Simba na bidhaa za bara zikakwama, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza El Niño kitambo. Tahadhari ilikuwapo, hapakuwa na fedha inayoruhusiwa kutumika kabla ya janga, na KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, inayozidai kaunti mabilioni, si duka la kukopesha akiba ya miezi mitatu. Nahodha wa Amu hapandishi chombo akikarabati siku kusi limeshaingia. Kaunti ingeweza kufunga mkataba wa msimu na manahodha wa Pate, Ndau na Kiwayu, ukalipwa mapema, kwa safari za Juni hadi Agosti, na dawa za akiba zikavushwa kabla ya masika.

Mkakati wa fedha wa kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, baada ya wananchi kutakiwa maoni, kaskazi likiwa linaishiliza na maji yanapitika. Vikao hivyo huhudhuriwa na wachache, na wengi wao huja kuomba jengo. Mwaka huu nitakwenda kuuliza petroli ya Julai imewekwa katika fungu gani, na kwa jina la nani.